Je, Wagomao Ndani ya Mtandao Waujenga au Waubomoa?

Wazee wetu walikuwa na neno lao kwamba kelele za mlango hazimnyimi mwenye nyumba usingizi. Neno hili hutajwa mara nyingi kwa kumtia moyo mtu anayesemwa vibaya na majirani, nalo lina faida yake. Lakini nataka tuutazame na huo mlango. Mlango hulia kwa kuwa bawaba zake zimekauka mafuta. Siku ukinyamaza bila mtu kuutia mafuta, si kwamba bawaba zimepona. Huenda mlango umekwisha kung'oka. Naye mwenye nyumba aliyelala usingizi mzuri usiku huo, je, amelala salama?

Swali hili lanijia kwa ajili ya jambo la siku hizi. Vijana wetu, na wazee pia, hukaa katika mabaraza yasiyo na kuta, yaani mitandao ya kijamii, na mabaraza hayo yana wenyewe. Mwenyewe akikata shauri lisilowapendeza waliomo, wao hulalamika, nao hulalamikia mumo humo ndani ya baraza lake. Huandika maneno ya kumpinga, au hufunga milango ya vyumba walivyokabidhiwa, au huacha kuandika kwa siku kadhaa. Ndipo wengine huwaambia, "Ninyi mwaiharibu nyumba mnayosema mwaipenda." Nao hujibu, "Sisi twaijenga. Anyamazaye ndiye aiharibuye." Nani asema kweli? Tena si jambo la watu wa simu peke yao, maana popote watu wanapokaa katika nyumba wasiyoimiliki, nayo nyumba haina thamani wasipokuwamo, swali hili lipo. Ila neno la jumla halishikiki vizuri mkononi. Afadhali tuchukue kisa kimoja kilichotokea kweli, tukitazame pande zote.

Kisa hicho ni cha Reddit, mtandao wa Marekani ulioanzishwa mwaka 2005 na vijana wawili waliokuwa wametoka tu chuo kikuu, Steve Huffman na Alexis Ohanian. Ndani yake mna mabaraza mengi, kila moja na shauri lake: hili la wapishi, hili la mafundi wa magari, hili la wenye ugonjwa fulani, hili la picha za paka. Mwisho wa mwaka 2023 kampuni yenyewe ilihesabu mabaraza yaliyo hai kuwa zaidi ya 100,000, na watu walioingia kila siku kuwa kama milioni 73. Kila baraza lina wasimamizi wake. Wao huweka kanuni, huondoa matusi na uongo na matangazo ya matapeli, huwapatanisha wagombanao. Nao hawalipwi hata senti moja. Hesabu hiyo hiyo ya kampuni yasema kwamba wasimamizi zaidi ya 60,000 walikuwa kazini kila siku. Wataalamu wa vyuo vikuu vya Marekani walioipima kazi hiyo kwa mwaka 2020 waliona kwamba kwa uchache wasimamizi hutoa saa 466 kila siku, nazo kama zingelipwa, mshahara wake ungekuwa dola milioni 3.4 kwa mwaka.

Nalikazia jambo hili kwa kuwa ndilo shina la ugomvi. Kampuni yasema: mashine ni zetu, umeme twalipa sisi, wafanyakazi ni wetu, na hasara ni yetu. Wasimamizi wasema: maneno yaliyomo tumeyaandika sisi na wenzetu, na usafi wa mahali ni jasho letu. Wote wawili wasema kweli. Mwenye uwanja wa mnada amefyeka majani, amejenga uzio, amelipa ushuru. Lakini wasipokuja watu na mbuzi wao, na akina mama na ndizi zao, uwanja ule hautakuwa mnada, utakuwa uwanja wenye uzio tu.

Sasa tuone ugomvi wenyewe. Tangu zamani watu wa nje waliruhusiwa kutengeneza programu zao za kusomea Reddit katika simu, nazo zilipita kwa mlango wa nyuma ulioachwa wazi bila malipo. Wengi walizipenda kuliko ile ya kampuni yenyewe. Mwezi wa Aprili 2023 kampuni ikatangaza kwamba mlango ule utalipiwa. Mwisho wa Mei, Christian Selig, mtengenezaji wa programu iitwayo Apollo, akaeleza hadharani bei aliyotajiwa. Kila mara programu ibishapo hodi kutaka maandiko, hodi ile huhesabiwa. Na bei ilikuwa dola 12,000 kwa kila hodi milioni 50. Programu yake ilikuwa ikibisha hodi kama bilioni 7 kwa mwezi, basi kwa mwaka mmoja angedaiwa karibu dola milioni 20. Na muda uliobaki ulikuwa mwezi mmoja tu.

Si haki kuinenea kampuni vibaya bila kutaja hoja zake. Ilikuwa na umri wa miaka 18 na bado yapata hasara. Mwaka ule wa 2023 hasara yake ilipita dola milioni 90. Tena makampuni makubwa yaundayo akili bandia yalikuwa yakiyachukua maneno ya watu wa Reddit bure ili kuzifundishia mashine zao, naye Huffman alisema waziwazi kwamba hakuna haja ya kuwapa matajiri wa dunia mali ile bila malipo. Mwenye shamba akiona malori yapakia mahindi yake usiku, ataweka lango, na hakuna wa kumlaumu. Ila lango lile liliwazuia pia majirani waliozoea kukatiza shambani kwenda kisimani.

Na miongoni mwa majirani hao walikuwamo vipofu. Wao husoma kwa msaada wa simu inayowasomea kwa sauti, na programu za watu wa nje ziliwafaa sana kuliko ile ya kampuni. Walilia, nao wakasikiwa: mapema mwezi wa Juni, kabla mgomo haujaanza, kampuni ikatangaza kwamba programu zisizo za biashara zinazowasaidia watu wa namna hiyo hazitatozwa. Mbili zilizoachiliwa ni RedReader na Dystopia. Msomaji aliweke neno hili akilini, maana tutalirudia.

Tarehe 12 Juni 2023 mabaraza zaidi ya 8,000 yakafungwa. Aliyeingia alikuta mlango umefungwa na maneno machache ya kueleza sababu. Siku ile kwa saa kadhaa mtandao mzima uliyumba, kwa kuwa mitambo haikuzoea milango mingi hivyo kufungwa kwa pamoja. Naye Huffman akawaandikia wafanyakazi wake barua, ikatoka nje hata magazetini. Maana yake ilikuwa kwamba kelele hizi nazo zitapita kama zilivyopita za zamani, na kwamba mapato hayajaguswa sana. Hapo twaliona lile neno la wazee limevaa suti.

Na kwa kweli alikuwa na sababu ya kulala. Wagomaji walikuwa wametangaza mapema kwamba watafunga kwa siku mbili, tangu Jumatatu mpaka Jumatano. Mtu akimwendea mdeni wake na kusema, "Nitaketi mlangoni pako mpaka Jumatano, kisha nitakwenda zangu," huyo hakumdai. Amemfundisha tu muda wa kusubiri. Wengi walijua hivyo, wakaendelea kufunga baada ya siku ile. Ndipo kampuni ikawaambia: fungueni, ama kazi itapewa wengine.

Lakini tusiwaangalie wagomaji na mwenye nyumba tu, kama kwamba katika dunia hamna mwingine. Kwa miaka mingi watu watafutao jambo katika Google wamezoea kuongeza jina la Reddit, kwa sababu huko hupata maneno ya mtu aliyeona mwenyewe, si tangazo la muuzaji. Siku zile walifika wakakuta kufuli. Tuseme mama anauliza usiku wa manane kama yuko mwingine ambaye mtoto wake alitokwa na upele wa namna ile. Tuseme fundi ambaye mashine ya mteja imekwama mbele yake. Tuseme kijana aliyejitahidi kuacha pombe wiki ya tatu sasa, naye usiku huo amewatafuta wenzake. Hao hawakuwa upande wa kampuni wala upande wa wasimamizi. Pengine hawakuwa wamesikia habari za Apollo hata kidogo. Na majibu waliyoyatafuta hayakuandikwa na yule aliyefunga mlango. Yaliandikwa na maelfu ya watu kwa muda wa miaka kumi na zaidi, kila mtu neno lake.

Je, msimamizi alikuwa na ruhusa ya kuyafungia? Wengine waliwapigisha kura wanabaraza wao kwanza, nami nawasifu kwa hilo. Wengine hawakumwuliza mtu. Huffman aliwafananisha wasimamizi na mabwana wa ukoo wanaoshika mashamba na kurithishana kwa kuwa tu walitangulia kufika. Lilikuwa neno la kuchoma, tena lilitoka katika kinywa cha mtu ambaye naye hakuchaguliwa na wanabaraza. Hata hivyo, neno likitoka mahali pasipofaa haliwi uongo kwa sababu hiyo. Mshika ufunguo amepewa ufunguo ili kazi ya nyumba iendelee. Siku atakapousahau mkono uliompa, atadhani nyumba ni yake.

Najua nitajibiwa kwamba hakuna mgomo usiomwumiza mtu wa pembeni. Makuli wakigoma bandarini, mchele wa mjane nao hukaa melini. Ni kweli, wala siwezi kusema kwamba kwa ajili hiyo mtu asigome kamwe; tungewaambia wadhulumiwa wote wa dunia wangoje mpaka ipatikane njia isiyomgusa mtu, na njia hiyo haipo. Lakini kuna tofauti kati ya dhara linalorudishika na lisilorudishika. Mlango uliofungwa Jumatatu wafunguliwa Alhamisi, na yule fundi atarudi, ingawa kwa hasira. Walakini wako waliofanya zaidi. Walifuta maandiko yao yote ya miaka mingi, au waliyafunika kwa maneno yasiyo na maana, ili kampuni isipate faida kwayo. Hofu yao haikuwa ya bure, kwa maana Februari 2024 ilitangazwa kwamba Reddit imepatana na Google juu ya kuyatumia maandiko hayo, na bei iliyotajwa magazetini ilikuwa kama dola milioni 60 kwa mwaka. Maneno ni yao, nani atawakataza? Hata hivyo naona walikosea. Jibu ulilompa mgeni kwa wema, hata likiwa la mkono wako mwenyewe, limekwisha kuwa lake, na la yule ajaye nyuma yake mwenye shida ile ile. Aliyempa msafiri maji hamfuati njiani kuyadai, ati kwa kuwa amegombana na mwenye kisima. Na maji yakimwagika hayazoleki.

Wengine walichagua mzaha. Baraza kubwa la picha liliwapigisha watu wake kura, likaamua kwamba tangu siku ile zitawekwa picha za John Oliver tu, mchekeshaji wa televisheni, naye akafurahi akawapelekea nyingine. Watu walicheka, kampuni ikaaibika kidogo, hakuna aliyeumia. Mzaha wa namna hii nauona kuwa silaha ya watu wapole. Lakini wako waliofanya jambo baya: waliyatangaza mabaraza yao kuwa ya watu wazima, wakaruhusu picha chafu, kwa kuwa wafanyabiashara hawakubali matangazo yao yawekwe karibu na uchafu. Hapo siwezi kusimama upande wao. Mtu aliingia kutazama mambo ya ajabu ya dunia, akatupiwa uchi usoni, ili tajiri asiyemjua akose senti chache. Hao kampuni iliwaondoa.

Tarehe 30 Juni Apollo ikafungwa, na nyingine kadhaa pamoja nayo. Bei haikushushwa. Machi 2024 hisa za Reddit zikauzwa New York kwa dola 34 kila moja, na siku ile ile ya kwanza zikapanda mpaka dola 50 na zaidi. Katika miezi ya Julai hadi Septemba mwaka ule kampuni ikatangaza faida ya karibu dola milioni 30. Basi mtu wa hesabu atasema: mgomo haukuijenga nyumba wala kuibomoa, ulikuwa upepo tu.

Mimi siafiki. Kwanza, wasimamizi na watu wa siku nyingi walitengewa sehemu ya hisa zile wazinunue kwa bei ya mwanzo, jambo lisilo la kawaida. Sidhani kampuni ingeliwakumbuka kama wangalikuwa kimya siku zote. Pili, vipofu walisikiwa. Na tatu, huu haukuwa mgomo wa kwanza, nayo ile iliyotangulia ina mafundisho kuliko huu.

Mwezi wa Agosti 2021, wakati wa ugonjwa wa korona, wasimamizi wa mabaraza mengi waliiomba kampuni iwaondoe watu waliokuwa wakieneza uongo juu ya ugonjwa na chanjo. Huffman alijibu kwanza kwamba ni vema kuacha nafasi ya mabishano. Mabaraza zaidi ya 130 yakafungwa. Tarehe 1 Septemba baraza kubwa la wapinga chanjo likafutwa, na mengine 54 yakawekewa kizuizi. Kampuni ilisema sababu ni kwamba watu wa baraza lile walikuwa wakiyavamia mabaraza ya wengine. Na iwe hivyo, lakini jambo lile halikufanyika mpaka milango ilipofungwa. Angalieni wagomaji wale waliomba nini. Hawakujiombea chochote. Walikuwa wakiwasemea watu ambao wangeliusadiki uongo na kufa.

Kinyume chake ni mgomo wa Julai 2015. Mfanyakazi mmoja aliyependwa sana na wasimamizi, Victoria Taylor, aliachishwa kazi bila wao kupewa habari, na mabaraza mengi makubwa yakafungwa kwa hasira. Hasira ile ikamwangukia Ellen Pao, aliyekuwa mkuu wa kampuni kwa muda. Watu zaidi ya 200,000 walitia sahihi kutaka aondoke. Aliomba radhi, haikufaa. Alitukanwa kwa ajili ya kabila lake na kwa kuwa ni mwanamke, akatishwa kwa maneno nisiyoweza kuyaandika hapa, na tarehe 10 Julai akajiuzulu. Haukupita muda, aliyekuwa mkuu kabla yake akaeleza hadharani kwamba shauri la kumwachisha Taylor halikuwa la Pao. Lilikuwa la Ohanian, mmoja wa waanzilishi. Basi umati ulishinda, ukamfukuza mtu ambaye sie. Je, nyumba ilijengwa hapo? Palikuwa na kelele nyingi, na ushindi, na karamu ya maneno. Lakini kilichoondoka ni mtu mmoja aliyekuwa amejaribu kuupunguza uchafu wa mahali pale, na waliobaki walijifunza kwamba matusi yana nguvu.

Kwa hiyo nionavyo mimi, si kelele zenyewe zijengazo au zibomoazo. Alalamikaye huisaidia nyumba, hata akilalamika kwa ukali, kama awasemea watu na si cheo chake, na kama alichokifunga chaweza kufunguliwa kesho. Akiwasahau wale watatu wangu, mama na fundi na kijana, hapo ameanza kuwa mwenye nyumba wa pili, naye mmoja alikuwa ametosha.

Wako wasemao kwamba kulalamika ndani ya mtandao ni kuulisha tu. Mfano wao ni wa Facebook, Septemba 2006, ilipoanza kuwaonyesha watu mfululizo wa habari za rafiki zao zote mahali pamoja. Watu walichukia, wakaunda kundi la kupinga, na mamia ya maelfu wakajiunga kwa siku chache. Walijuaje habari za kundi hilo? Waliziona katika mfululizo ule ule walioupinga! Mark Zuckerberg akaomba radhi, akawapa watu njia ya kuficha baadhi ya mambo yao, na mfululizo ukabaki mpaka leo. Hoja hii ina kweli ndani yake, lakini naiona fupi. Wenye mtandao walijifunza mambo mawili siku zile: kwamba watu wanaipenda chombo chao kuliko wasemavyo, na kwamba kuna mpaka. La pili wasingelijifunza kwa njia nyingine.

Juu ya jambo hili yuko mtaalamu wa uchumi aliyelifikiri vizuri kuliko wengi, Albert Hirschman, mzaliwa wa Berlin aliyekimbia nchi yake ujanani wakati wa Hitler. Mwaka 1970 alitoa kitabu, na wazo lake lilianzia Afrika, katika reli ya Nigeria. Reli ile ilisafirisha karanga kutoka kaskazini hata bandarini, mwendo wa mbali sana, nayo iliendeshwa vibaya. Malori yakaanza kuinyang'anya mizigo. Mtu angedhani kwamba reli ikiona wateja wamehama, itaona haya na kujirekebisha. Haikuwa hivyo. Hirschman aliona kwamba walioondoka kwanza ni wale wale wenye haraka na wenye sauti, ambao wangalibaki wangalipiga kelele mpaka mkubwa fulani asikie. Wao walipopakia karanga zao katika malori, reli ilibaki na wateja wapole, na serikali ilikuwa tayari kuilipia hasara. Hivyo kuondoka kwao kuliwapa wakubwa wa reli raha. Akasema mwanadamu akichukizwa na mahali alipo ana njia mbili, kuondoka au kusema. Na yule apendaye mahali pale ndiye akawiaye kuondoka, akasema kwanza.

Hapo pana jibu kwa wale wasemao, "Kama hupendi, si uondoke?" Neno hilo husemwa kwa kujiona, kama kwamba limemfunga mtu mdomo. Lakini Reddit yenyewe yapasa iliogope kuliko watu wote, maana ilinenepa kwa mwingine kuondokewa. Palikuwa na mtandao uitwao Digg, mkubwa kuliko Reddit siku za kwanza. Mei 2007 watu wake waliasi usiku mmoja, kwa kuwa kampuni ilikuwa ikifuta maandiko yenye tarakimu za siri za kufungulia sinema. Sisemi kwamba waligombania jambo jema. Lakini mwanzilishi wake, Kevin Rose, aliwasikia usiku ule ule, nao wakabaki. Agosti 2010 Digg ikaletwa katika sura mpya iliyowapendelea wachapishaji wakubwa kuliko watu wa kawaida. Watu wakalalamika, safari hii majibu yalichelewa. Tarehe 30 Agosti waliujaza ukurasa wake wa kwanza maandiko ya kutoka Reddit, kama mtu anayeandika anwani mpya mlangoni, kisha wakahama. Julai 2012 jina na mtandao vikauzwa kwa kiasi kilichosemekana kuwa dola 500,000, na mwaka 2008 magazeti yalikuwa yameandika kwamba Google ilikuwa ikizungumza habari ya kuinunua kwa dola milioni 200 hivi. Kelele hazikuiua Digg. Iliuawa na kimya kilichofuata baada yake.

Turudi kwa Reddit. Tarehe 30 Septemba 2024 kampuni iliweka kanuni mpya: msimamizi atakaye kulifunga baraza lililo wazi, au kuligeuza kuwa la watu wazima, lazima apeleke maombi kwanza yakubaliwe na wafanyakazi wa kampuni, isipokuwa mabaraza madogo au machanga. Walieleza kwamba baraza lililo la wazi ni ahadi kwa watu wote waliochangia, wala halipaswi kufungwa ghafula. Nikiwakumbuka wale watatu, nalazimika kusema kwamba maelezo hayo si ya bure. Mimi mwenyewe nimekwisha kuyasema karibu yote hapo juu. Lakini nikifikiri juu ya reli ya Nigeria, nasita. Wasimamizi 60,000 hawana mkataba, hawana mshahara, na sasa wamenyang'anywa na ule mlango wa kulia. Wamebakiwa na jambo moja lisilohitaji ruhusa ya mtu: kuacha. Msimamizi aliyechoka hataandika tangazo, wala hataweka picha ya mchekeshaji. Jioni moja hatafungua mtandao, wala kesho yake. Matusi aliyokuwa akiyaondoa yatakaa, tapeli atakaa, anayeuliza juu ya mtoto wake atajibiwa na mwuza dawa za uongo, na katika vitabu vya hesabu vya kampuni siku hiyo hakutaonekana kitu, kwa sababu kazi ile haikuwahi kuandikwa humo.